Modi gani ya mashabiki ilikufanya usirudi tena kwenye gemu lenyewe? (Na nani aliitengeneza ile San Andreas ya daladala, Dodoma?)

#1 ZabibuKavu
Wakuu, salaam. Nina dai na nina swali.

Dai: magemu mengi ya zamani ya kompyuta yangeshakufa kama si modi, yaani mabadiliko ambayo mashabiki wanayatengeneza na kuyaingiza kwenye gemu. San Andreas, lile gemu la GTA, ilifika kwenye kompyuta mwaka 2005, na leo bado watu wanaiwasha. Hawamfuati CJ, mhusika mkuu, misheni zake walishazimaliza wakiwa na kaptula za shule. Wanafuata yale waliyoipachika wenyewe.

Swali: mwaka 2010 nikiwa kidato cha pili palikuwa na kibanda cha kompyuta karibu na Jamatini, nusu saa jero. Kompyuta ya tatu kutoka mlangoni, yenye monita ya kichogo, ilikuwa na San Andreas isiyofanana na zile nyingine. Basi limepigwa mstari wa rangi kama daladala zetu, ubavuni limeandikwa JAMATINI – CHANG'OMBE. Redio inapiga Bongo Fleva. Ukifa, badala ya maneno ya Kiingereza inakuandikia UMEKWISHA. Tulikuwa tunapanga foleni kwa ajili ya mashine hiyo moja huku nyingine ziko wazi.

Nani aliitengeneza? Taja na modi yako uipendayo, ila mwenye jibu la hili aanze.

#2 NusuMkate
Namba mbili. Kiti cha mbele.

#3 Bando Limeisha
Nimeona "modi" kwenye kichwa nikadhani unawasema modi wa jukwaa hili wanaofuta nyuzi zetu. Nimekuja mbio na karanga zangu kabisa. Kumbe magemu.

#4 FundiRam
Mkuu #1, nikuvunje moyo kidogo. Hiyo redio haikuwa modi. San Andreas ya kompyuta ilikuja na stesheni ya nyimbo zako mwenyewe. Unafungua folda la User Tracks lililo ndani ya mafaili ya gemu kwenye My Documents, unamwaga MP3, unaingia kwenye mipangilio ya sauti unaiambia izikague, basi. Mwenye kibanda alikuwa na nyimbo zake, akaziweka. Hata mama yangu angeweza.

Basi ndilo modi. Umbo la gari ni faili la dff, rangi na maandishi yake ni txd, vyote vimo ndani ya gta3.img. Aliyefanya hivyo alitoa bus.txd, akaipaka kwenye programu ya picha, akairudisha. Kazi ya jioni moja kwa anayejua, wiki nzima kwa anayejifunza, maana ukikosea kidogo gemu halifunguki kabisa.

UMEKWISHA nayo ni rahisi. Maandishi yote ya Kiingereza yanakaa kwenye american.gxt. Kiswahili kina bahati, hakidai herufi mpya. Warusi ilibidi wachore herufi zao upya.

#5 ZabibuKavu
#4 umeniharibia utoto wangu kwa aya tatu. Asante lakini.

#6 Kipa wa Jamhuri
Mimi na PES, gemu la mpira. PES 6 ya 2006 ilikuwa na Kitserver ya jamaa anajiita Juce: jezi zinakaa kwenye folda nje ya gemu, na gemu linazisoma likiwaka. Huna haja ya kufumua chochote. Nilipaka Simba na Yanga kwa Paint, nikaja kupaka timu za mtaani. Baadaye kwenye PES 2017 nikaweka Dodoma Jiji, na nyasi za uwanja nikazififisha zifanane na za hapa mwezi wa kumi. Wateja wa kibandani walikataa kulipia timu za Ulaya. Dabi ya Kariakoo ilichezwa mpaka padi zikang'oka vidole gumba.

Kasoro ni moja, mtangazaji. Anamwita straika wa Simba kwa jina la Mbrazili niliyemwandika juu yake.

#7 MtotoWaMamaNtilie
Kwangu Counter-Strike. Lakini hiyo si modi, ni gemu la Valve wenyewe, limetengenezwa kiwandani.

#8 Mwalimu wa Zamu
#7 kaa chini. Counter-Strike ilianza 1999 kama modi ya Half-Life, gemu la Valve. Walioianzisha ni Minh Le na Jess Cliffe, wakaigawa bure. Valve walipoona watu wanaijaza kuliko gemu mama, wakawachukua wote wawili na modi yao, ikaingia dukani mwaka 2000.

Na ukoo wa modi ni mrefu. Dota ilizaliwa ndani ya Warcraft III mwaka 2003, ikapita mikono kadhaa mpaka ikamfikia anayejiita IceFrog. PUBG mnayochezea kwenye simu, babu yake ni Arma 2: Dean Hall akaifanyia modi ya DayZ mwaka 2012, Brendan Greene akatoa modi yake kwenye modi hiyo, na 2017 ikatoka PUBG. Modi imezaa modi imezaa gemu.

#9 MtotoWaMamaNtilie
Nimekaa chini mwalimu.

#10 Bando Limeisha
Mimi modi yangu kubwa ni ile ya simu, ukiiweka una hela zisizoisha na magari yote yamefunguliwa.

#11 FundiRam
#10 hiyo si modi, huo ni wizi wenye jina zuri. Na nusu yake ndiyo inayokuletea matangazo ya picha za utupu kwenye simu, halafu unakuja kwangu unasema "fundi, sijui imeingiaje".

#12 BintiMakole
Naona wote mmejazana kwenye magari na mipira. Sisi wa The Sims, gemu la kujenga nyumba na kuishi humo, tuko wapi?

The Sims 4 ilitoka 2014, na kwa miaka mingi ngozi nyeusi za gemu lenyewe zilikuwa kama mtu kapakwa majivu. Waliotuokoa ni mashabiki. Walitengeneza rangi za ngozi, nywele za kusuka, vilemba, mpaka mabutu. Wenye gemu walikuja kuongeza rangi zaidi ya 100 Desemba 2020, wakati sisi tulishajihudumia zamani.

Modi yangu niliitengeneza mwenyewe: vitambaa vya kufuma vya kuweka juu ya makochi. Nilipiga picha vya sebuleni kwa mama, nikavikata, nikavivalisha makochi ya gemu. Sasa kila nyumba ninayojenga ina kabati la vyombo visivyotumika na kitambaa juu ya runinga. Mama alivyoona akauliza, "Nani huyu kaiba mashono yangu?"

Shida ya Sims, kila gemu likisasishwa modi zote zinazimwa, unaanza kuzikagua moja moja. Nina faili zaidi ya mia nne. Wikiendi inaisha hivyo.

#13 NusuMkate
#12 kitambaa juu ya runinga bapa kinakaaje?

#14 BintiMakole
Kinaning'inia kwa mbele. Kama kwenu.

#15 Mzee wa Sekenke
Hamjambo vijana. Mimi nimekuwa utingo, kisha dereva wa malori, miaka ishirini na kitu. Goti limeniweka nyumbani. Mjukuu akanifungulia Euro Truck Simulator 2, la Wacheki, la 2012. Nikaona hawa watu wanajua kazi, lakini nchi zao zinaendesha kulia. Kwa hiyo mimi siku zote nahamia Uingereza, maana huko ni kushoto kama kwetu na usukani nauweka kulia. Navuka na feri Dover pale tu mzigo ukinilazimisha.

Modi ninayoipenda inaitwa ProMods, imeongeza Ulaya sehemu ambazo wenye gemu hawakuzichora. Nimefika mpaka Iceland. Barabara tupu, kondoo, upepo. Nikaikumbuka Manyoni usiku.

Ninachouliza, hakuna mtu anaweza kuchora Sekenke? Ule mteremko wa zamani, kabla hawajautengeneza, ungewanyoosha hao Wazungu.

#16 ZabibuKavu
Shikamoo mzee. Karibu sana kwenye uzi.

#17 Mzee wa Sekenke
Marahaba.

#18 Msafiri wa Gairo
Mzee #15, nilijaribu. Ndani ya gemu hilo kuna kihariri cha ramani, unalianzisha kwa kuongeza neno -edit kwenye njia ya mkato, halafu unafungua ramani. Nilianza barabara ya Dodoma kwenda Morogoro.

Hesabu yake ni hii: ramani ya gemu imepunguzwa mara 19. Kutoka hapa mpaka Morogoro ni kilomita kama 260, kwa hiyo nilihitaji kilomita 14 hivi za kuchora. Nikasema hiyo ni wiki mbili. Wapi! Kila mita ina nguzo, mtaro, kibanda, mti. Nilichora miezi mitatu nikaishia Kibaigwa, pale sokoni penye malori ya mahindi.

Kilichoniua ni miti. Gemu lina misonobari na miti ya Ulaya ya kila aina, mbuyu hakuna. Dodoma bila mbuyu ni mji gani? Nikajifunza kuunda mbuyu kwenye programu ya Blender. Ukatoka kama karoti iliyosimama kichwa chini. Nikaacha hapo.

#19 Mwalimu wa Zamu
#18 mbona mbuyu ndivyo ulivyo? Hata hadithi zinasema ulipandwa kichwa chini.

#20 Msafiri wa Gairo
Wa kwangu ulikuwa na rangi ya chungwa mkuu.

#21 Kipa wa Jamhuri
😂😂 Tuwekee huo mbuyu hapa tuuone.

#22 Mkazi wa Ipagala
Turudi kwenye swali la #1. Mashine hiyo naikumbuka, lakini yangu niliiona Singida mjini, na basi liliandikwa kitu kingine. Kulikuwa na bajaji pia! Ilikalia nafasi ya ile pikipiki ya pizza, na kwa kuwa gemu lilidhani ni pikipiki, ukikata kona bajaji nzima inalala ubavu na magurudumu yake matatu. Tulicheka mpaka mwenye duka akatutoa nje.

Kwa hiyo haikuwa ya kibanda kimoja. Ilikuwa kwenye CD inazunguka.

#23 MtotoWaMamaNtilie
Mimi niliiona Morogoro, limeandikwa MSAMVU. Nahisi ni za Wakenya hizo. Wenzetu walianza zamani kuweka matatu kwenye San Andreas, mtu akabadilisha maandishi tu.

#24 ZabibuKavu
#23 hapana. Ya kwetu hata ukikamatwa na polisi iliandika UMEDAKWA NA NJAGU. Hilo si neno la Mkenya.

#25 Mwalimu wa Zamu
Nadharia yangu: mwanafunzi wa UDOM. Chuo kilianza 2007, kwa hiyo mwaka 2010 ndipo kundi la kwanza la shahada ya miaka mitatu linamaliza. Kijana wa kompyuta, ana muda, ana maabara yenye intaneti ya bure, anashuka mjini Jumamosi na flashi. Akihitimu anaondoka, na modi inabaki yatima. Hiyo inaeleza kwa nini hakuna anayemjua.

#26 FundiRam
#25 nadharia tamu, ila maandishi ya UMEDAKWA NA NJAGU hayajaandikwa na mwanachuo, yameandikwa na mtu wa stendi. Mimi nasema ni fundi. Miaka ile sisi mafundi ndio tuliokuwa tunaweka magemu kwenye vibanda, buku mbili kwa mashine. Ukitaka wakuite wewe na si mwenzio, unaweka kitu ambacho mwenzio hana. Basi la mtaa wenu linauza.

Na usisahau kwamba mashine zilikuwa za mtumba kutoka maofisini. San Andreas inadai RAM ya MB 256 na prosesa ya GHz 1 tu. Gemu jingine kubwa lisingewaka. Ndiyo maana ubunifu wote uliangukia hapo.

#27 Mkazi wa Ipagala
Nyongeza: ilibidi iwe toleo la kwanza kabisa, 1.0. Baada ya lile sakata la Hot Coffee la 2005, la sehemu ya ngono iliyofichwa ndani ya gemu, wenye gemu walitoa matoleo yaliyofunga milango ya modi nyingi. CD halisi ya dukani ikawa mbaya kuliko ile ya bandia ya barabara ya Sita.

#28 Bando Limeisha
Kwa hiyo #11 alinisema mimi mwizi, sasa mnasifia CD za barabara ya Sita. Nawasoma tu.

#29 FundiRam
😂 Umenikamata.

#30 BintiMakole
Tukiwa hapo hapo, hivi modi ni haki yetu au tunavumiliwa tu? Mwaka 2017 wenye GTA waliifungia OpenIV, programu ambayo karibu kila modi ya GTA V inaitegemea. Wachezaji wakamwaga maoni mabaya kwenye duka la Steam mpaka wakalegeza. 2021 wakaondosha mtandaoni kazi ya watu waliokuwa wameandika upya misimbo ya GTA III na Vice City. Wanaruhusu wakitaka, wanakataza wakitaka.

#31 Mwalimu wa Zamu
Inategemea nyumba. Doom ya 1993 iliwekwa ramani na picha kwenye faili za WAD, mbali na injini, na jambo hilo lilikuwa la makusudi ili watu wachezee. 1997 John Carmack akatoa na msimbo wenyewe. Mpaka leo zinatoka ramani mpya za Doom.

Bethesda, wenye gemu la Skyrim, na Valve, wenye Steam, walijaribu kuuza modi za Skyrim Aprili 2015. Mtengenezaji apate asilimia 25. Zogo lake likafanya waifute ndani ya siku nne.

#32 Kipa wa Jamhuri
Asilimia 25 mbona nzuri? Mimi nimetengeneza jezi za ligi nzima nikalipwa soda.

#33 Mwalimu wa Zamu
Ndiyo ugomvi wenyewe. Nusu walisema mtengenezaji ale jasho lake. Nusu walisema hela ikiingia, ushirikiano unakufa, watu wataibiana. Mimi mpaka leo sijui nipo upande gani. Lakini kuna aliyetoka kivingine: Nick Pearce wa Australia alitengeneza modi ya Skyrim inaitwa The Forgotten City, hadithi yake ikapata tuzo ya chama cha waandishi wa kwao, na mwaka 2021 akaitoa kama gemu linalojitegemea. Hilo nalipenda kuliko yote niliyotaja.

#34 Mbukwenyi Mtandaoni
Mbukwenyi! Nimechelewa, nilikuwa shamba Mpunguzi.

Mimi niliona hiyo UMEKWISHA nikataka kuipita. Nikafungua american.gxt nikaanza kuitafsiri kwa Kigogo. Misheni ya kwanza nikamaliza, nikamwita babu aone. Babu alisoma mistari mitatu, akasema kijana huyu anaongea na wakubwa zake bila adabu, hawezi kuwa Mgogo. Nikarekebisha CJ akawa anasalimia kwanza. Misheni ya pili akasema salamu ni ndefu mno, watampiga risasi hajamaliza.

Niliishia kwenye helikopta. Sikuwa na neno.

#35 Msafiri wa Gairo
#34 modi ya mwaka hii. Nina treni pia: ile ya abiria ya San Andreas, faili lake linaitwa streak. Tangu SGR ianze kufika Dodoma Julai 2024 nimeivalisha rangi za SGR. Nimepanda ya kweli mara mbili, ya kwenye gemu mara mia. Ya kwenye gemu haina foleni ya ukaguzi wa mizigo.

#36 Mzee wa Sekenke
Na mimi mjukuu aniwekee hiyo. Lakini Sekenke msiisahau.

#37 Mkazi wa Ipagala
Nimewaza kuhusu kwa nini haipatikani. Miaka ile watu walipandisha mafaili Megaupload. Januari 2012 Wamarekani wakaifunga, na kila kilichokuwamo kikaenda. Inawezekana modi ya #1 ilikuwepo mtandaoni, linki ndiyo imekufa.

#38 FundiRam
Kwa bando la 2010? Nani angepandisha? Imekufa na diski zake, basi.

#39 Kaka wa Nkuhungu
Wakuu, mimi msomaji tu, leo nimejisajili kwa ajili ya uzi huu. Kibanda cha Jamatini kilikuwa cha kaka yangu. Alikifunga 2013 akahamia Mpanda. Mashine ya tatu kutoka mlangoni, ndiyo, ile ya kichogo.

Nimempigia. Anasema basi alilipaka yeye, lakini gemu alilikuta tayari lina UMEKWISHA, aliliweka fundi mmoja mrefu wa Majengo ambaye jina hakumbuki. Kwa hiyo wote mna nusu ya ukweli, au wote mmekosea, sijui.

Kompyuta iliuzwa chuma chakavu. Diski tuliibakiza, GB 40, ipo kabatini kwa mama chini ya vitenge.

#40 ZabibuKavu
Mkuu #39 NAKUOMBA. Inasoma?

#41 Kaka wa Nkuhungu
Nimeichomeka kwenye mashine ya jirani sasa hivi yenye ule waya mpana. Inazunguka, halafu inagonga kok, kok, kok. Kompyuta haiioni. Nijaribu tena? Jirani anasema niigonge ubavuni na bisibisi.

#42 FundiRam
Usigonge. Zima. Usiiwashe tena hata mara moja, kila ikigonga inakwangua. Ifunge kwenye kitambaa kikavu. Nipo Makole mpaka saa kumi na mbili.

#43 BintiMakole
Kitambaa ninacho.

#44 NusuMkate
FundiRam, samahani mkuu, wewe ni mrefu?

#45 FundiRam
Leteni diski.